Korosho ya Mguuni

Siku Bibi Tatu aliporudi kutoka hospitali, Mama alimshika upande mmoja na mimi upande wa pili, mguu wake wa kulia umefungwa bandeji nyeupe hadi juu ya kifundo. Tukamvusha mlango wa nyumba yetu ya Misugusugu kama watu wanaoingiza kabati la vioo. Tukamketisha kitandani. Akavuta pumzi, akatazama ukutani.

"Nani kabandika tangazo lile?"

Tangazo lilikuwa langu, kwa wino mwekundu:

BWENI LA WAGONJWA. Mwanafunzi mpya haruhusiwi kukanyaga chini kwa wiki sita. Mguu utalala juu ya mito miwili, uwe juu kuliko moyo. Kwenda chooni ni kwa kisigino, magongo na ruhusa. Malalamiko yote yapelekwe kwa kiranja, ambaye hatayasikiliza.

"Kiranja mwenyewe nani?"

"Mimi, Bibi."

"Si walikuvua?"

Ni kweli walinivua. Katika miaka minne ya shule ya bweni nilikuwa kiranja wa chakula kwa siku kumi na moja tu, hadi mchana ule nilipowasimamisha wanafunzi mia tatu bwaloni, kwa uso wa majonzi, tukakaa kimya dakika nzima kuwakumbuka wadudu waliofia kwenye maharage yetu. Matroni naye alisimama, akainamisha kichwa. Alipogundua tunamwombolezea nani, ukiranja wangu ukazikwa siku hiyo hiyo. Lakini sasa nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo. Mama, mtumishi wa halmashauri anayetoka nyumbani kabla jua halijachomoza vizuri, hakuwa na mtu mwingine wa kumwachia mgonjwa. Nchi ikikosa viongozi humrudia hata aliyepinduliwa.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa hivi. Pembeni mwa kidole gumba cha mguu wa Bibi palichomoza mfupa, ukawa unakua mwaka hadi mwaka, na kidole kikawa kinawalalia wenzake. Madaktari wana jina lao. Bibi, mtu wa Kisarawe, aliuita korosho, kwa sababu ulikaa mguuni kama korosho inavyokaa kwenye bibo: nje kabisa, kama kitu kilichokumbukwa baada ya kazi kwisha. Hakuna kiatu kilichoikubali. Raba zake alizitoboa kwa kisu cha jikoni, akaiachia korosho dirisha lake.

Aliishi nayo miaka ishirini bila kulalamika. Alikubali kukatwa kwa sababu moja tu, naye aliitaja kila siku: Firdausi. Firdausi ni binti wa mama yangu mkubwa, anauza simu pale Kongowe, na alikuwa anaolewa kabla ya mfungo wa Ramadhani. Kabla ya ndoa mwali huwekwa ndani, na siku ya kutolewa kuna kungwi, mwanamke aliyemfunda, ambaye huongoza njia kwa kucheza. Kungwi wa ukoo wetu ni Bibi. Firdausi alikuwa amesema wazi kwamba asipotolewa na Bibi hatoki, watamwozea humo humo chumbani. Bibi akataka mguu wa kuchezea. Upasuaji ulipangwa Novemba. Ukasogezwa, ukasogezwa tena, ukafanyika Januari. Ukihesabu wiki sita kutoka hapo, siku ya Firdausi iliangukia wiki ya tano.

Hiyo wiki moja ndiyo iliyotusumbua.

Kila asubuhi niliita majina. Vidole vilichungulia mwishoni mwa bandeji, vimevimba, na nesi alikuwa ameniagiza nitazame rangi yake na joto lake.

"Kidole gumba?"

Bibi alikitikisa kidogo. "Kipo!"

"Cha pili?"

"Kipo, lakini kina utoro."

Daktari aliagiza pia barafu, dakika kumi na tano, mara kadhaa kwa siku. Friji yetu hugandisha maji inapojisikia, kwa hiyo nilinunua barafu za ubuyu kwa jirani yetu Mama Brighton, zile za vifuko, nikazifunga kwenye taulo, nikaziweka mguuni. Nikirudi nakuta taulo limelowa, vifuko vitupu, na ulimi wa mgonjwa mwekundu.

"Zimeyeyuka," anasema.

"Zimeyeyukia wapi, Bibi?"

"Mke mwenzangu, wewe umesoma. Kitu kikiyeyuka huwa kinaaga?"

Huniita mke mwenzake, maana mjukuu wa kike ni mke wa babu yake, na Babu Mwinyimadi, ingawa alifariki kabla sijazaliwa, hakuwahi kuniacha rasmi.

Wiki ya pili nyuzi zilitolewa. Wiki ya tatu maumivu yalipungua, na hapo ndipo kazi ya kiranja ikawa ngumu, kwa sababu mgonjwa asiyeumwa huanza kufikiri. Mchana mmoja nilimkuta anatazama dirisha.

"Unajua mimi ni nani sasa hivi?" akauliza.

"Kidato cha kwanza."

"Mimi ni mwali. Niko ndani. Sioni jua, silimi, sipiki. Nalishwa, naogeshwa, na nafunzwa adabu na mtoto asiye na adabu." Akacheka peke yake, kisha akaacha. "Wanawake wote wa ukoo huu nimewatoa mimi. Mama yako nimemtoa. Wewe tu. Wewe walikuja na tranka, wakakupeleka bweni."

"Bweni nako ni ndani, Bibi. Miaka minne."

"Mlifundwa nini?"

"Kemia."

"Mlitolewa kwa ngoma?"

"Kwa basi."

Alinitazama kwa huruma ambayo hata mwalimu wa nidhamu hakuwahi kunipa. Kisha akapiga godoro kwa kiganja. "Kaa. Lete mguu."

Nikaweka mguu wangu mapajani mwake. Akaupapasa kama anayechagua nyanya sokoni, akafika pembeni mwa kidole gumba, akabonyeza.

"Hii hapa. Korosho changa."

"Huo ni mfupa wa kawaida."

"Hata yangu ilikuwa ya kawaida."

Basi kuanzia siku hiyo, baada ya chakula cha mchana, alinifunda. Hakuwa na mguu wa kuonyeshea, akatumia vidole viwili vya mkono vikitembea juu ya khanga. Kungwi huvuka kizingiti wa kwanza, kwa mguu wa kulia. Anatua, anatulia. Kushoto, anatulia. Hana haraka, maana nyuma yake anakuja mwali juu ya mabega ya mjomba, na siku hiyo mwali hakanyagi chini mpaka afike mkekani. Mengine aliyonifundisha hayaandikwi. Mimi nilimlipa kwa elimu yangu: nilimweleza jinsi tulivyokuwa tukitoroka prepu za usiku, jinsi ya kupanga mito chini ya blanketi ili matroni akimulika aone mtu kalala. Alisikiliza kwa makini. Aliuliza hata mito mingapi. Nilidhani ananifurahisha tu.

Siku nne kabla ya Firdausi kutolewa tulirudi kwa Daktari Leodegar. Alitazama picha ya mifupa, akatabasamu. Mfupa unaunga vizuri, akasema, kidole kimenyooka, skrubu zimekaa. Bibi akauliza kama anaweza kucheza kidogo Jumamosi.

"Mama, ukikanyaga kwa mbele sasa, mfupa utahama na tutaanza upya. Nipe siku kumi tu."

"Na hizi nne za kufika Jumamosi hazitoshi?"

"Hazitoshi, mama yangu."

Mama alimaliza mjadala ndani ya gari. Hakuna Kisarawe. Kule ni vumbi, ni watu, ni vizingiti, na yeye Bibi anamjua: akisikia ngoma, miguu yake haimwombi ruhusa. Firdausi atatafutiwa kungwi mwingine.

"Sawa, Swaumu," Bibi akamjibu Mama, binti yake.

Nawaambia wote wenye bibi: akikubali haraka hivyo, muogopeni.

Lakini sikuogopa. Nilihuzunika tu, kwa sababu siku tatu zile Bibi hakutania hata kidogo. Niliita majina, akaitika "kipo" kama mtu anayejibu salamu za njiani. Barafu za ubuyu ziliyeyukia kwenye taulo, kwa kweli kabisa.

Jumamosi Mama aliitwa ofisini, kuna ripoti. Saa tatu asubuhi nilibeba chai nikaingia chumbani. Bibi alikuwa amejifunika khanga gubigubi, amegeukia ukuta.

"Kidole gumba?"

Kimya.

"Kidole gumba, utachapwa."

Nikafunua khanga. Mito mitatu, na mahali pa kichwa pamewekwa papai.

Ndugu zangu, miaka minne nimewafanyia watu wazima jambo hilo, na sikujua linavyokuwa ukiwa upande wa pili. Chai ilinimwagikia miguuni. Gongo moja halikuwepo. Raba za dirisha hazikuwepo. Kiatu cha hospitali, kile chenye soli nene kisiginoni ili mbele pasiguse chini, kilikuwa chini ya kitanda. Nilikichukua nikakimbia nacho peku, nikiona kichwani mfupa unahama, skrubu inang'oka, tunaanza upya.

Nilimkuta kwenye barabara kubwa, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa kando ya muuza mihogo. Mguu wa kulia umenyooshwa mbele yake, juu ya gongo alilolilaza kwenye tofali, bandeji nyeupe pee. Raba zimo mapajani. Pembeni Hamidu, dereva wa mtaani kwetu, alikuwa anapangusa siti ya bajaji yake.

"Bibi."

"Mke mwenzangu."

"Umekanyaga?"

"Sikukanyaga."

"Apa."

"Wallahi sikukanyaga. Nimekuja kwa makalio."

Nikatazama. Khanga yake nyuma yote ilikuwa vumbi, toka kiunoni hadi chini, na viganja vyake vimechubuka. Kutoka kwetu hadi barabarani ni hatua mia mbili na ushee. Alikuwa amejivuta zote, kinyumenyume, kama mtoto asiyeanza kutambaa vizuri, mguu mmoja ameuinua hewani.

"Nilitaka kumsaidia," muuza mihogo akasema, "kanitishia gongo."

"Hamidu, na wewe ulikuwa unampakia?"

"Dada'angu, mimi nimeonyeshwa karatasi." Akanipa. Ilikuwa imechanwa kwenye daftari langu la kemia, na kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunzia ukubwani imeandikwa: RUHUSA. TATU ANAKWENDA KISARAWE. AMESAINI KIRANJA. Chini yake kuna saini yangu, nzuri kuliko ninavyoiandika mwenyewe.

Nilikuwa nimetayarisha hotuba tangu mlangoni. Ilikuwa hotuba kali. Nikachuchumaa mbele ya ile ndoo ili nianze, nikaona viganja vyake tena, na hotuba ikapotea.

"Mguu huu nimeukata kwa ajili ya yule mtoto," Bibi akasema taratibu. "Nikikaa na mguu mzuri kitandani, nimeupata wa nini?"

Nikampigia Mama. Nikamweleza yote, pamoja na papai.

"Mama, mwali hakanyagi chini siku ya kutolewa. Anabebwa. Kanifundisha mwenyewe. Niache nimpeleke, mguu wake hautagusa ardhi kwenda wala kurudi."

"Unaniahidi kama nani, Mwamvita? Kama kiranja?"

"Kama mke mwenzake."

Akatoa sauti ambayo sijui kama ilikuwa kicheko. "Nikitoka hapa nakuja moja kwa moja. Nitakagua bandeji. Nikiikuta na doa la udongo wa Kisarawe, usinijue."

Hamidu aliweka godoro la mtoto wake kwenye siti. Tulishika njia ya Kiluvya, polepole kama msafara wa rais, mguu wa Bibi mapajani mwangu juu ya mto. Kila tuta Hamidu aliomba radhi. "Pole, bibi yangu." "Endesha, mume wangu, ngoma haisubiri."

Nyumba ya mama mkubwa iko nyuma kidogo ya Kisarawe mjini, katikati ya mikorosho. Tulifika alasiri, uwanja umejaa wanawake. Hamidu alirudi nyuma na bajaji hadi mlango wa uani, ukumbini tukamweka Bibi kwenye kiti. Nyuma ya pazia Firdausi alikuwa tayari, amefunikwa khanga, mjomba Faraji ananyoosha mabega.

Mama mkubwa akapiga magoti mbele ya Bibi. "Shikamoo, Mama. Tulijua huji. Tumemwomba jirani."

"Marahaba. Mwambie jirani akae ale pilau." Bibi akaokota raba zake. "Nipe mkono, nisimame."

"Husimami," nikasema.

Ukumbi mzima ukanigeukia.

"Nitasimama kwa kisigino."

"Ukicheza utasahau kisigino. Utabebwa, Bibi. Nimeahidi."

Uso wake ukabadilika. Sijawahi kumwona hivyo. "Kungwi habebwi," akasema. "Anayebebwa ni mwali na maiti. Leo nibebwe mbele ya watu hawa wote, kesho wataniletea sanda?"

Hakuna aliyecheka. Nje ngoma ilikuwa inajaribiwa, inanyamaza, inajaribiwa tena. Akaweka raba ya kushoto chini, akaanza kuivaa.

"Si ulisema wewe ni mwali?" nikamwambia. "Uko ndani wiki ya tano."

"Nilikuwa natania."

"Mimi sikuwa natania."

Alinitazama. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikuwa nimesema neno bila kuficha kitu nyuma yake, na nadhani alilitambua kwa ugeni wake. Nikageuka, nikapiga magoti, nikampa mgongo.

"Panda, Bibi. Macho yako, sauti yako. Mguu wa kulia nitatoa mimi."

Sikuona uso wake. Nilisikia raba inavuliwa, kisha mikono miwili ikanizunguka shingoni. Mama mkubwa akatufunga kwa khanga, mbeleko, jinsi mimi nilivyofungwa mgongoni kwa Bibi nilipokuwa mtoto. Ana kilo arobaini na tatu, nilimwona akipimwa hospitali. Nimebeba ndoo za maji za bweni miaka minne, na zile hazikuwahi kuninong'oneza.

"Kulia," akaninong'oneza.

Nikainua mguu kuvuka kizingiti, na kwa kuwa mimi ni mimi, nikakigonga. Pale pale, pembeni mwa kidole gumba. Nikayumba.

"Usiogope, mwanangu. Nipo. Tua. Tulia."

Nikatua. Nikatulia. Vigelegele vikapasuka uwanja mzima.

"Kushoto. Tulia, si mbio za kuwahi uji. Sasa kulia, kiuno nacho, wewe mti wa bendera?"

Nyuma yetu, juu ya mabega ya mjomba Faraji, sauti ikatoka ndani ya khanga: "Bibi, ndiye wewe?"

"Ndiye mimi!" Bibi akajibu kwa nguvu, na wanawake wakacheka, wakapiga makofi, wengine wakifuta macho kwa pembe za khanga. Akaanza kuimba juu ya sikio langu, sauti nyembamba isiyokatika, mguu wake mweupe ukining'inia kiunoni mwangu, vidole vitano vinacheza hewani. Kutoka mlangoni hadi mkekani ni kama hatua arobaini. Hatukuharakisha hata moja. Katikati ya safari niligundua hanihesabii tena kulia na kushoto, ameniachia.

Mama alifika jua limeshuka juu ya mikorosho, bado na kitambulisho cha ofisi shingoni. Firdausi alikuwa mkekani anatunzwa, Bibi kitini na sahani ya pilau, mguu juu ya mito miwili. Mama hakumsalimia mtu. Aliinama, akaushika mguu ule kwa mikono miwili, akaugeuza huku na huku, akachunguza unyayo kama karani anayetafuta kosa. Bandeji ilikuwa nyeupe. Akaurudisha juu ya mito, kisha akamsalimia mama yake.

Bibi akameza tonge, akanitazama miguu. Nilikuwa peku tangu Misugusugu. Udongo mwekundu ulifika hadi juu ya vifundo, na pembeni mwa kidole gumba cha kulia, nilipojigonga, palikuwa pameanza kuvimba, padogo, pameng'aa kama korosho mbichi.

"Kidole gumba?" akaita, kwa sauti yangu ya ukiranja hasa.

Nikakitikisa. Kiliuma.

"Kipo, kungwi."